Raba za milango na matairi tunapaka nini, wakuu? Huku car wash wanapaka dizeli

Mzee wa Raum

Wakuu, habarini za majukumu.

Nina Raum New Model, ile ambayo upande wa kushoto haina nguzo katikati. Mlango wa mbele na ule wa kusukuma vinakutana raba kwa raba. Mwenye gari hii atanielewa: raba za upande huo zikichoka kidogo tu, ukifika spidi 80 upepo unapiga mluzi sikioni, na mvua za Aprili zikianza kapeti la abiria halikauki.

Juzi nimepeleka gari kuoshwa. Kijana ana chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa shingo, ndani dizeli na kipande cha godoro. Kapaka matairi yote manne, halafu kipande kilekile kakipitisha kwenye raba za milango, kafunga milango, kasema "tayari bosi". Gari iling'aa, sitasema uongo. Asubuhi yake navuta mlango wa kusukuma, raba imegandia kwenye bodi, inaachia kwa mlio kama inachanika. Matairi nayo yamebeba vumbi lote la barabara yetu ya Goba. Ule weusi ulidumu usiku mmoja.

Nimeuliza maduka ya Kariakoo kila mtu ananipa lake. Mmoja kanionyesha dawa ya maji maji nyeupe, mwingine ya rangi ya kioo inayonuka petroli, wa tatu kaniambia nisihangaike, nikanunue gliserini famasi. Jirani yangu anapaka mafuta ya mgando kwenye raba na anaapa hayana shida.

Sitaki mng'ao wa maonyesho. Nataka raba zisikauke, zisigande, na matairi yasipasuke ubavuni kabla kashata (ile michoro inayokanyaga barabara) hazijaisha. Wenye uzoefu tiririkeni.

Kiduku255

Naweka kambi hapa. Ngoja waje wataalamu.

Ndevu za Babu

Mnakuza mambo vijana. Mzee wangu alikuwa na Land Rover, raba zake na matairi yake maisha yote ni dizeli na oili chafu. Ile gari imepanda milima ya Lushoto hadi imeuzwa, na aliyeinunua bado anaitumia. Siku hizi kila kitu kina dawa yake kwenye chupa, ukiuliza bei unaambiwa imetoka Marekani. Dizeli inafukuza maji, inafukuza kutu, inarudisha weusi. Mnataka nini kingine?

Kijana wa watu hana kosa, kafanya kazi aliyofundishwa.

Fundi Mpira

Mleta uzi, kwanza tenganisha hivyo vitu viwili. Watu wanavipaka dawa moja kwa sababu vyote ni vyeusi na vyote tunaviita mpira, lakini ni mipira tofauti na inaharibika kwa njia tofauti.

Raba ya mlango kwa magari mengi ya sasa ni mpira wa jamii ya EPDM. Huu ulichaguliwa kwa ajili ya kukaa nje. Jua, mvua na ozoni, ile gesi ya hewani, haviutishi sana. Udhaifu wake ni mafuta yatokanayo na petroli: dizeli, mafuta ya taa, grisi ya kawaida, oili, hata hayo mafuta ya mgando ya jirani yako. Unayanywa. Ukishayanywa unavimba, unalainika, na unapoteza nguvu ya kurudi ulivyokuwa baada ya kubanwa na mlango. Kazi yote ya raba ni huko kurudi. Pale ulipotaja, raba mbili zilizolainika zikabanwa pamoja usiku kucha, lazima zishikane.

Kwa raba za milango jibu ni silikoni. Ama grisi ya silikoni, ama ile ya kupuliza. Silikoni haiingii ndani ya EPDM, inakaa juu kama utando mwembamba, inazuia kugandana na kusuguana. Honda kwa miaka mingi wanaelekeza mafundi wao watumie grisi ya silikoni ya Shin-Etsu kwenye raba za milango na paa, inakuja kwenye tyubu ndogo. Ukikosa hiyo, yoyote iliyoandikwa kuwa ni silikoni tupu, isiyochanganywa na mafuta ya madini, inatosha. Osha raba kwa sabuni ya kawaida na kitambaa, iache ikauke kabisa, weka dawa kidogo kwenye kitambaa kingine, pitisha, kisha futa. Ukigusa na kidole kikatoka kinateleza, umezidisha.

Sasa tairi. Tairi lina mpira asilia, mpira wa viwandani, masizi yanayolipa weusi na kulikinga na jua, na ndani yake kiwandani wamechanganya nta na kemikali za kuzuia ozoni. Maarufu inaitwa 6PPD. Hizo hazitulii. Zinasafiri taratibu kutoka ndani kuja juu, na zinasafiri vizuri zaidi gari likitembea, ubavu wa tairi unapokunjwa na kukunjuka. Zikifika juu zikakutana na hewa, tairi linageuka kahawia. Ile kahawia watu wanayoichukia, kwa sehemu kubwa ni kinga ikiwa kazini. Ndiyo maana gari lililoegeshwa uani miezi na miezi linapasuka matairi ubavuni huku kashata ni mpya, na gari la safari za kila siku linaishiwa kashata kabla ya kupasuka.

Dizeli inafanya nini hapo? Inaosha ile nta, inaingia kwenye mpira, inauacha umevimba kidogo na mweusi. Ikishakauka, kinga ya juu haipo. Wakipaka kila wiki, kila wiki wanaichota.

Dawa za dukani ni jamii mbili. Ile nyeupe uliyoonyeshwa msingi wake ni maji, na silikoni imechanganywa humo. Ikikauka inaacha weusi wa kawaida, haing'ai sana, na mvua kubwa mbili tatu zinaiondoa. Ile ya rangi ya kioo inayonuka imeyeyushwa kwenye kiyeyushi cha petroli. Inang'aa kama imelowa na inadumu zaidi, ila kile kiyeyushi ni ndugu wa dizeli, na ukipaka nyingi gari likitembea inarushwa kwenye bodi. Utakuta madoa meusi nyuma ya kila gurudumu. Chukua nyeupe.

Gliserini haina madhara kwa mpira. Tatizo lake inavuta unyevu, na kwenye vumbi la Goba ni sawa na kupaka gundi.

Mama Junior

Asante mkuu, umenifungua. Swali dogo: mimi nina ile WD-40 ndani, nimekuwa napulizia vioo vikigoma kupanda. Nayo ni silikoni?

Fundi Mpira

Dada, ile ya kopo la kawaida la bluu na njano si silikoni, ni ya kulegeza kutu na kufukuza unyevu, na ndani ina mafuta ya petroli. Kampuni hiyohiyo wanatengeneza nyingine ya silikoni, soma kopo. Kwenye njia ya kioo safisha kwanza mchanga kwa kitambaa chembamba, ndipo upulize silikoni kidogo kwenye ule mfereji. Mara nyingi kioo kinagoma kwa sababu ya mchanga, watu wanakwenda kununua mota.

Rangi Gerezani

Mimi ni mpiga rangi, naomba nipaze sauti kwa niaba ya wenzangu. HIYO SILIKONI MSIPULIZE OVYO.

Mteja analeta gari mlango umekwaruzwa. Tunasugua, tunapiga praima (rangi ya chini), tunapiga rangi, na mbele ya macho yako rangi inaanza kujitenga. Vishimo vidogo vya duara, kimoja hapa, kimoja pale, kila kimoja kina ukingo wake, na katikati unaona praima. Ni silikoni iliyorukia bodi. Hapo hakuna kurekebisha kwa kupiga koti lingine juu, unasubiri ikauke, unasugua yote, unasafisha kwa dawa maalumu, unaanza upya. Na mteja anasema umemwibia muda.

Pulizieni kwenye kitambaa, kamwe siyo moja kwa moja kwenye mlango. Na mkileta gari kwangu mniambie mnapaka nini. Kuna vijana wa car wash wanapulizia dawa ya tairi huku gari ya jirani iko wazi inasubiri rangi, basi siku hiyo wote tunagombana.

Jambo la pili: kuna wanaopaka mafuta ya breki kwenye matairi ili yawe meusi tii. Raba haiwezi kulia, maana raba nyingi za mfumo wa breki zimetengenezwa kuishi ndani ya mafuta hayo. Lakini tone moja likidondokea bodi, rangi inavimba na kubanduka. Nimeona fenda nzima.

Ndevu za Babu

Kwa hiyo dizeli mbaya, mgando mbaya, gliserini mbaya, breki mbaya, silikoni nayo mpiga rangi haitaki. Basi tupake mate.

Chuma Chakavu

Hahaha babu.

Babu, jaribu hiki kitu, hakikugharimu. Nina banda la kukata magari, raba za zamani zipo tele. Nilikata vipande viwili vya raba ya mlango, urefu sawa, kimoja nikatumbukiza kwenye kopo la dizeli, kingine nikakipaka silikoni nikakiweka juu ya rafu. Baada ya wiki nikaviweka pamoja kwenye meza. Cha dizeli kimerefuka kuzidi mwenzake, unakiona kwa macho, na kimenenepa. Ukikibonyeza kwa kidole gumba kinabaki na alama kwa muda, halafu kinajivuta polepole kama hakitaki. Cha silikoni ukibonyeza kinaruka palepale.

Kipande cha dizeli nilikianika juani. Kilirudi karibu na urefu wake, lakini ukikikunja kwenye kona unaona mipasuko midogo midogo ambayo mwenzake hana. Hicho ndicho kinachotokea mlangoni kwako, tofauti ni kwamba mlangoni kinatokea taratibu.

Na mafuta ya mgando, kumbukeni tangazo la kondomu. Kila siku tunaambiwa usitumie mafuta ya kujipaka, yanaharibu mpira. Mpira asilia ule ndio uleule uliomo kwenye tairi, tofauti ni unene na namna ulivyopikwa.

Kichwa Ngumu wa Boda

Mimi ni bodaboda Mbagala, naongezea la kwetu. Kuna wenzetu wanapaka dawa ya tairi pikipiki nzima, mpaka kashata, mpaka siti. Ndugu zangu, gari inasimama kwa matairi manne na haliinami. Pikipiki ukikata kona unalalia ukingo wa tairi, palepale ulipopaka. Kijana wa kijiwe chetu alitoka kuoshwa, kona ya kwanza tu akalala na abiria. Abiria alichubuka goti, yeye mkono.

Kwenye pikipiki usipake tairi KABISA. Sabuni na brashi basi. Siti nayo ukiipaka abiria anateleza mbele ukishika breki, anakugonga mgongoni.

Kwenye gari pia msipake kashata, na ukiona dawa imerukia diski ya breki isafishe kabla hujaingia barabarani.

Bin Salim Maskati

Salaam aleikum jamaa. Mimi nipo Maskati, huku kiangazi joto linapita nyuzi 40 na gari inashinda nje ya ofisi mchana kutwa. Nimejaribu dawa nyingi sana na nakubaliana na Fundi, ile nyeupe ya maji ndiyo inayofaa. Zile za kung'aa huku ni hasara, ikivuma ile tufani ya vumbi gari linakuwa na matairi manne ya udongo.

Lakini nataka kuongeza kwamba hakuna dawa inayoshinda kivuli. Nina magari mawili ya umri mmoja, moja linalala kwenye banda la turubai, jingine nje. La nje raba ya juu ya mlango upande unaopigwa na jua la alasiri imekuwa ngumu, imepauka, ina unga mweupe ukiigusa. Upande wa pili wa gari hilohilo raba bado ni nyeusi. Dawa ni ile ile, anayepaka ni yule yule. Ukiweza kugeuza gari uliegeshe leo huku kesho kule, geuza.

Na safari ndefu ukiliacha gari, pandisha upepo wa tairi kidogo na ulisogeze mara kwa mara kama kuna mtu nyumbani.

Kiduku255

Hapo kwenye 6PPD nimekwenda kusoma nimekuta mambo. Kumbe ndiyo ile ya samaki Marekani. Mwaka 2020 watafiti wa jimbo la Washington walitangaza kwamba hiyo kemikali ikikutana na ozoni inageuka kitu kingine, mvua inakisomba kutoka barabarani hadi mitoni, na samaki aina ya coho wanakufa. Miaka mingi walikuwa wanawaona wamekufa baada ya mvua hawajui kwa nini. Nje ya mada, samahani, ila imenishangaza.

Mwenye Macho

Hamjagusa biashara ya matairi yaliyotumika. Pita maduka ya pembeni ya barabara uone matairi ya mtumba yamepangwa, meusi, yanang'aa kuliko mapya. Yamepakwa. Mipasuko ya ubavuni ikijazwa dawa ya mafuta huioni, hasa ukienda jioni.

Mimi nikienda kununua nabeba kitambaa chenye sabuni. Muuzaji ananuna, namwacha anune. Nafuta ubavu mzima, halafu naukunja kwa mikono miwili hapo karibu na maandishi. Mipasuko inafunguka. Kisha natafuta herufi DOT na mwisho wake kuna tarakimu nne ndani ya kisanduku cha mviringo: 3518 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2018. Kama upande huo hakuna tarakimu nne, geuza tairi, mara nyingi zipo upande mmoja tu. Zikiwa tatu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000, liache libaki kwa ajili ya bembea ya watoto. Makampuni makubwa kama Michelin na Continental wanasema tairi likifika miaka 10 tangu litengenezwe litolewe hata kama kashata zipo, na kuanzia miaka mitano likaguliwe kila mwaka.

Dawa ya tairi kazi yake ni sura. Tairi lililopasuka halitibiki kwa kupakwa.

Mzee wa Raum

Wakuu, mrejesho.

Nimenunua grisi ya silikoni Ilala, tyubu ndogo, na dawa nyeupe ya maji. Nimeosha raba zote kwa sabuni ya maji mara mbili, kitambaa cha kwanza kilitoka na utelezi wa kahawia, cha pili kikatoka safi. Milango mitatu imetulia, haigandi tena. Mlango wa kusukuma haugandi pia, ila mluzi uko palepale spidi 80. Matairi nimesugua kwa brashi mpaka povu likawa jeupe, nikapaka nyembamba, baada ya robo saa nikafuta. Si meusi ya kutisha, yanapendeza.

Mluzi tufanyeje? Na waipa nazo nizipake silikoni?

Fundi Mpira

Waipa usipake chochote, utaendesha usiku wa mvua unaona taa mbili mbili. Futa ule ulimi kwa kitambaa kilicholowa maji hadi weusi uishe kutoka, kioo nacho kisugue. Zikiendelea kukwaruza nunua mpya.

Mluzi: chukua noti au kipande cha karatasi ngumu, weka juu ya raba, funga mlango, vuta. Inapaswa kutoka kwa ubishi. Tembeza hivyo kila kiganja kimoja kuzunguka mlango wote, hasa kwenye ule mstari wa kati ambapo milango yako miwili inakutana. Mahali ambapo karatasi inachomoka bila kukataa ndipo upepo unapopita. Bonyeza raba hapo. Kama imelala na hairudi, imekwisha, hakuna dawa ya kuiamsha.

Kama raba inaruka vizuri lakini karatasi inachomoka, basi mlango haukai sawa. Kwa Raum ya aina yako angalia rola za chini za mlango wa kusukuma kabla hujanunua raba.

Mzee wa Raum

Nimefanya. Kona ya juu, pale milango inapokutana, karatasi inatoka yenyewe. Raba imelala kiasi cha vidole vinne. Rola zipo sawa.

Chuma Chakavu

Hiyo kona ndiyo inayokwisha kwenye Raum zote ninazokata. Ukija kuchukua ya mtumba usichukue ya gari lililoungua na jua, chagua la ajali ambalo halijakaa uani muda mrefu. Ikunje kwanza kwenye kona, inuse, ikinuka dizeli iache. Na usikubali wakukatie kipande cha kuunganisha kwa gundi, chukua raba nzima ya mlango, maungio yawe chini, siyo juu.

Ndevu za Babu

Mkimaliza mniletee ile raba iliyolala. Nitampelekea aliyenunua ile Land Rover, aipake dizeli.